Bomu lililoangukia Saanane

Ukisimama Capri Point, Mwanza, jioni, upande unaotazama ziwa, Kisiwa cha Saanane kiko karibu kiasi cha kuona mawe yake yakibadilika rangi jua linapozama. Wageni wanaovushwa kwa boti kutoka mjini huonyeshwa pimbi na swala, na huelezwa kwamba kisiwa hicho kidogo ni hifadhi ya taifa. Habari isiyosimuliwa sana ni ya mwishoni mwa Machi 1979, ambapo ndege ya kivita aina ya Tupolev, iliyotumwa na Libya kumwokoa Idi Amin, mtawala wa Uganda aliyekuwa vitani na Tanzania, ilikuja kuyalenga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na mashambulizi yake yakaangukia Saanane, kwenye bustani ya wanyama. Waliouawa walikuwa swala.

Mama alikuwa darasa la sita wakati huo. Anakumbuka madirisha yaliyozibwa ili mwanga wa kibatari usionekane nje, na mahandaki ambayo wanafunzi walichimba wenyewe pembeni mwa uwanja wa shule, wakipokezana majembe. Anakumbuka pia swali alilomuuliza babu habari zilipoenea mjini: "Baba, hao Walibya sisi tumewakosea nini?" Babu alimjibu kwamba hatukuwakosea kitu, walikuwa wamekuja kulipa deni la urafiki wao na mtu mwingine. Nimeishi na jibu hilo kwa miaka mingi, na kila ninaposoma mijadala ya siku hizi kuhusu ushirika wa kijeshi, nani anachangia kidogo na nani anabebeshwa zaidi, narudi palepale. Nina jambo moja la kusema katika andiko hili, nalo ni kwamba mchango wa ulinzi na utegemezi wa kiuchumi ni hesabu moja, na nchi inayoziandika katika madaftari mawili hujidanganya juu ya nguvu zake.

Nianze na Oktoba 1978, kwa kuwa sijaona mwezi mwingine katika historia ya eneo letu unaolionyesha jambo hili waziwazi namna ile. Mwezi huo Bunge la Marekani lilipiga marufuku kahawa ya Uganda kuingia nchini humo. Mwezi huohuo Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza kwamba mizigo ya nchi yake ingeanza tena kupita kwenye reli ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, njia aliyoikataa kwa zaidi ya miaka mitano. Na mwezi ulipokuwa ukielekea ukingoni, majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaingia Kagera, yakapora ng'ombe na kiwanda cha sukari, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Matukio hayo matatu kwa kawaida husomwa kila moja katika sura yake. Mimi nayasoma pamoja.

Uganda ya Amin haikukosa silaha. Wasovieti walikuwa wameipatia vifaru na ndege za MiG, na Walibya walikuwa marafiki wa karibu. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya mauzo ya nje yalitokana na zao moja, kahawa, ambayo karibu theluthi yake ilinunuliwa na Wamarekani, na ambayo ili ifike baharini ilipaswa kupita Kenya. Fedha hizo ndizo zilizolipia ndege zilizokuwa zikitoka Uingereza zikiwa zimesheheni pombe na bidhaa nyingine za kuwaridhisha wanajeshi. Sisemi kwamba kahawa ndiyo iliyomwangusha Amin. Alianguka kwa sababu alipigwa, na Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979 na askari ambao wengi wao walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari. Ninachosema ni kwamba jeshi ambalo utii wake ulinunuliwa kwa fedha za mteja wa mbali lilikuwa na ufa kabla ya risasi ya kwanza kupigwa. Wasovieti hawakuja kulipigania. Walibya walikuja, wakafa kwa mamia katika nchi wasiyoijua, huku askari wengi wa Amin waliopaswa kusimama nao wakikimbia na walichopora.

Upande wetu hesabu ilikuwa ya namna nyingine, nayo inastahili kuelezwa bila kujipamba. Katika hotuba yake ya Novemba 2, 1978, ambayo wazee wa Mwanza hadi leo wanaikariri kwa mapigo yaleyale, Mwalimu Nyerere alisema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na uwezo wa kumpiga tunao. Sababu na nia hazikuwa na ubishi. Uwezo ulipaswa kulipiwa. Serikali ilichukua malori ya watu binafsi, wananchi mikoani wakachanga ng'ombe na vyakula, na mgambo wakaingizwa jeshini kwa maelfu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulihimiza mazungumzo na haukumlaani mvamizi. Msumbiji, iliyokuwa yenyewe ikishambuliwa na Rhodesia, ilileta kikosi cha askari wapatao 800. Gharama ya vita hutajwa kuwa dola za Marekani milioni 500 hivi, na katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia Julai 1979 tulipokea lawama kutoka Sudan na Nigeria badala ya mchango.

Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mama anasema mkanda ule haukulegezwa. Katika kumbukumbu zake miaka ile yote ni foleni ya sabuni alfajiri, na sukari iliyopimwa kwa kijiko. Bei ya kahawa yetu ilikuwa imeshuka, ya mafuta ikapanda, na nchi iliyoshinda vita ikajikuta inabishana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka baada ya mwaka, hadi mkataba ulipotiwa saini 1986 kwa masharti ambayo mshindi asingeyachagua mwenyewe. Tulibeba karibu peke yetu mzigo wa kumwondoa mtu aliyekuwa tishio kwa eneo zima, na uzito wa mzigo huo ukatusukuma kwenye utegemezi ambao hakuna bomu lililotupeleka huko. Wanaotuhesabia ushindi wa 1979 bila kutuhesabia 1986 wanasoma nusu ya ukurasa.

Zambia nayo ilikuwa na hesabu yake. Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia, alipoufunga mpaka Januari 1973 ili kuiadhibu Zambia kwa kuwahifadhi wapigania uhuru, kisha akataka kuufungua wiki chache baadaye, Kaunda alikataa kurudi kwenye njia ile. Hapo ndipo reli ya TAZARA inapopata maana yake kamili: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zilizojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa 1976, zilikusudiwa kuipa nchi isiyo na bahari nafasi ya kusema hapana. Ila reli ilizidiwa, bandari ya Dar es Salaam ikajaa mizigo, mbolea ikakwama, na msimu wa kupanda haukumsubiri mtu. Kaunda akalazimika kupitisha mizigo yake katika nchi ambayo wapiganaji aliowahifadhi walikuwa wakipigana nayo. Sina moyo wa kumlaumu. Nataka tu ieleweke kwamba katika ushirika wa nchi za mstari wa mbele wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, uliokuwa wa kweli na uliolipiwa kwa damu, gunia la mbolea lilikuwa na kauli.

Mambo haya nisingeyaelewa kwa vitabu pekee. Niliyaelewa kwa mjomba wangu, mdogo wake Mama, aliyevua sangara kwa nyavu za makila kwa zaidi ya miaka 20 katika kambi moja ya visiwani upande wa Ukerewe. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 ukawazuia tena kwa hofu ya sumu ziwani. Sababu za afya ya mlaji si jambo la kupuuzwa, na viwanda vilirekebisha usafi wake hadi soko likafunguliwa. Lakini samaki wa minofu walikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, na mnunuzi huyo alipofunga mlango, bei mwaloni ilianguka kwa siku chache tu. Mjomba alikuwa na mitumbwi miwili na injini moja aliyoinunua kwa fedha zake. Injini ikauzwa, mtumbwi mmoja ukauzwa. Soko liliporudi hakuwa na mtaji, akaenda kwa wakala.

Kwa asiyeijua biashara hii, wakala hukupa injini na nyavu kwa mkopo, nawe unamuuzia yeye peke yake samaki wako mpaka deni liishe. Bei anapanga yeye, mizani ni yake, na daftari ni lake. Deni la namna hiyo huchelewa sana kuisha, kwa sababu nyavu huchakaa kabla hazijalipwa na mvuvi huchukua nyingine.

Katika miaka hiyo majambazi wa ziwani walianza kupora injini usiku. Waliwavizia wavuvi wakiwa wameshatega, wakawatisha kwa bunduki, wakaondoka na injini na kuwaacha watu wakielea gizani. Kambi ikaitisha mkutano, ikakubaliana kuanzisha doria: kila mtumbwi uchangie lita mbili za petroli kwa wiki, na kila tajiri atoe mtu mmoja kwa zamu. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baadaye wenye mtumbwi mmoja mmoja wakaanza kuchelewesha petroli, wakijua kwamba tajiri mwenye mitumbwi 11 hataacha doria ife, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mengi ya kuporwa. Tajiri huyo akanung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika. Kisha akaanza kuamua boti ya doria ipite wapi, na ikawa inapita zaidi mahali nyavu zake zilipotegwa.

Siku moja suala hilo lilipigiwa kura. Mjomba alikuwa ametoa petroli yake kila wiki na watu wake kila zamu. Katika mchango hakuna aliyemzidi kwa kulinganisha na alichokuwa nacho. Lakini tajiri wa mitumbwi 11 ndiye aliyekuwa wakala wake. Nilikuwapo kisiwani kwa likizo, nimekaa juu ya kreti la samaki pembeni mwa mkutano, nikamwona mjomba akiinua mkono kuunga mkono njia ileile aliyokuwa akiilalamikia usiku kucha. Tulipokuwa tukirudi kwenye kibanda nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mjomba, ule mkono ulikuwa na injini juu yake."

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, Mancur Olson na Richard Zeckhauser, walieleza kwa hesabu kile ambacho kambi ile iligundua kwa petroli: katika ushirika wa ulinzi, mkubwa huelekea kubeba zaidi ya fungu lake, kwa sababu wadogo wanajua kwamba atalinda vyovyote iwavyo. Ndio mgogoro wa Jumuiya ya Kujihami ya NATO tangu ilipoundwa Aprili 1949. Katika mkutano wa Wales mwaka 2014 wanachama walikubaliana kuelekea asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya ulinzi, na mwaka huo ni nchi tatu tu zilizokuwa zimefika hapo. Juni 2025, mjini The Hague, kiwango kilipandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035, ambayo 3.5 ni ya jeshi lenyewe na 1.5 ni ya mambo yanayohusiana nalo kama barabara, madaraja na usalama wa mitandao.

Naielewa hoja ya mkubwa anayechoka. Hata hivyo naona asilimia ni kipimo chembamba mno. Kifungu cha tano cha mkataba wa NATO, kinachosema kwamba shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, kimewahi kutumika mara moja tu, nayo ilikuwa kwa ajili ya Marekani yenyewe baada ya Septemba 11, 2001. Denmark, nchi ambayo miaka ile ilikuwa na watu wasiofika milioni sita na ilikuwa chini ya asilimia 2, ilipeleka askari wake Helmand, Afghanistan, na zaidi ya 40 hawakurudi wakiwa hai. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, ni miongoni mwa nchi zilizopoteza zaidi. Mwaka 2025 nchi hiyohiyo ilikuwa ikijitetea mbele ya rais wa Marekani aliyesema wazi kwamba anaitaka Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark. Daftari la asilimia halina safu ya makaburi.

Wala halina safu ya gesi. Ujerumani ilikaa miaka mingi chini ya asilimia 2, ikijua kwamba mwavuli wa Marekani upo, na wakati huohuo ikazidi kununua gesi kutoka Urusi, nchi ambayo mwavuli huo ulitundikwa kujikinga nayo. Bomba la kwanza la Nord Stream lilifunguliwa 2011, likiwa na uwezo wa kupitisha mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka chini ya Bahari ya Baltiki. La pili lilikamilika 2021, miezi michache kabla ya vita. Kufikia wakati huo zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa na Ujerumani ilitoka Urusi. Poland na nchi za Baltiki zilionya kwa miaka, na zikasikilizwa kama majirani wenye kinyongo cha zamani.

Vita ilipoanza Februari 2022, serikali ya Ujerumani ilitangaza mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Gesi ilipunguzwa Juni, ikakatika kabisa kuelekea Septemba, na kabla ya mwezi huo kwisha ikatangazwa ngao ya hadi euro bilioni 200 ya kuwakinga wananchi na viwanda dhidi ya bei ya nishati. Tuziweke fedha hizo mbili kando kwa kando. Bilioni 100 ziliandikwa kama ulinzi na bilioni 200 zikaandikwa kama uchumi, ilhali zote zilikuwa gharama ya kosa moja. Nafuu ya miaka yote ya gesi rahisi na jeshi dogo ilidaiwa ndani ya mwaka mmoja, pamoja na riba.

Haki iwatendekee Wajerumani katika jambo moja: walijenga kituo cha kupokelea gesi ya meli Wilhelmshaven kwa muda wa miezi michache, kikafunguliwa Desemba 2022, na majira yale ya baridi wakayavuka. Lakini ifikapo 2023 karibu nusu ya gesi ya meli iliyoingia katika Umoja wa Ulaya ilikuwa ya Marekani. Anayekulinda sasa ndiye anayekuuzia moto wa jikoni, na siku mkikorofishana juu ya kisiwa au ushuru wa magari, atakuwa na mambo mawili ya kukukumbusha badala ya moja. Katika kambi ya mjomba, huyo ndiye tajiri mwenye mitumbwi 11.

Sisi tuliwahi kukutana na Ujerumani katika jambo hili hili, tukiwa upande wa pili wa meza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano ikabaki hoja ya nini kifanyike. Serikali ya Muungano ikaamua kuiruhusu Ujerumani Mashariki ifungue ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kuitambua rasmi. Ujerumani Magharibi, isiyotaka Ujerumani ile nyingine itambuliwe na yeyote, ilikuwa ikitusaidia kuanzisha kikosi cha anga na cha majini, na Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake kwa hasira. Mwalimu hakusubiri vitisho vingine; aliwaambia waondoe na misaada yao iliyobaki. Kanada ikaja kulifundisha jeshi letu la anga. Ukiwa na umri wa vijana wa leo unaweza kuliona tukio hilo kama kiburi cha nchi maskini. Mimi naliona kama hesabu iliyofanywa mapema: jeshi ambalo mafunzo yake yanakatizwa kwa sababu ya ubalozi mdogo ni jeshi la nani?

Mwishoni mwa mwaka huohuo hesabu hiyo ilijaribiwa tena. Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 11, 1965, mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kwamba Uingereza isipouangusha utawala ule ifikapo Desemba 15, kila mwanachama avunje uhusiano nayo. Wanachama walikuwa zaidi ya 30. Waliotimiza hawakuzidi kumi. Tanzania ilikuwa mmoja wao, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa na Uingereza ukazuiwa. Wengine hawakuwa waoga, au si wote. Wengi walikuwa na kakao, karanga na mishahara ya watumishi vilivyofungwa London na Paris, na mkono wao ulikuwa na injini juu yake. Ahadi ya pamoja iliyotolewa bila kukagua madeni ya kila mmoja ilikuwa karatasi.

Ningependa kusema kwamba Afrika imelitatua jambo hilo tangu hapo. Ujumbe wa Umoja wa Afrika nchini Somalia ulioanza 2007 uliendeshwa kwa damu ya Waganda, Warundi, Wakenya, Waethiopia na Wadjibouti, huku posho zao, dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, zikilipwa na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 Ulaya ilipunguza fungu hilo kwa asilimia 20. Mwaka huohuo, kwa sababu ya mgogoro wa kisiasa Bujumbura, ilikataa kupitisha malipo kwenye serikali ya Burundi, na Burundi ikatishia kuondoa askari wake wote. Askari aliyelala kwenye mchanga nje ya Mogadishu usiku huo alikuwa akilinda kwa amri ya bara moja na kwa mfuko wa bara jingine. Hakuna ubaya kwa Ulaya kuchangia, kwa kuwa bahari iliyo salama mbele ya Somalia inazinufaisha meli zake. Ubaya ni sisi kuita ujumbe huo wetu hali hatuwezi kuuendesha robo mwaka bila fedha za mwingine. Julai 2016, mjini Kigali, viongozi walikubaliana kutoza asilimia 0.2 ya bidhaa zinazoagizwa nje ya bara ili Umoja ujitegemee. Nchi kadhaa zimeanza. Nyingi zinaendelea kutafuta namna.

Na tusiyaangalie ya Somalia tu. Desemba 2023 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilipeleka majeshi mashariki mwa Kongo, yakitoka Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, katika jumuiya yenye nchi wanachama 16. Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, askari wa ujumbe huo wakauawa, na Machi uamuzi ukatolewa wa kuufunga. Tatu kati ya 16. Nchi nyingine zilitoa matamko. Siku majeneza yalipokuwa yakirudishwa makwao, hapa Mwanza nilikuwa kwenye daladala ya kwenda Buhongwa, redio ikisoma habari, na mama mmoja aliyepakata mtoto akamwambia dereva apunguze sauti. Alikuwa na ndugu jeshini, akasema. Hakuna aliyezungumza hadi Mkuyuni.

Kila mwaka, kabla ya Juni, bajeti ya ulinzi husomwa Dodoma, nasi husikia jumla ya fedha na mafungu yake. Ningeomba, kama mwananchi anayelipa kodi na anayewaheshimu askari wetu, ukurasa mmoja uongezwe, au usomwe faraghani na kamati inayohusika kama una siri. Uonyeshe vipuri vya zana zetu vinatoka nchi ngapi, na ni zana zipi zitasimama endapo mmoja wa wauzaji hao atakasirika. Uonyeshe kila ujumbe tulioutuma nje ya mipaka unalipwa na nani, na kwa muda gani tungeuendesha wenyewe asipolipa. Uonyeshe ni bidhaa zipi tunazouza ambazo mteja mmoja akifunga mlango, kama ilivyokuwa kwa sangara wa 1999, watu wetu wataingia kwenye daftari la wakala. Kisha uonyeshe mafuta. Yale yanayotumika Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa hushushwa Dar es Salaam na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi hapa. Rubani aliyekuja na Tupolev ile kutoka Uganda alitumwa kuyatafuta matangi ya mafuta ya Mwanza, akayakosa. Ningependa mstari wa kwanza wa ukurasa huo uyahusu: leo yana lita ngapi, yanatosha siku ngapi, na yanajazwa kwa fedha ya nani.